Ndege Ndogo Inapoasi Ardhini

Rubani anapojaza daftari la saa zake, haanzi kuhesabu pale magurudumu yanapoachana na ardhi. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, saa za safari huanza ndege inapojongea mara ya kwanza kwa nia ya kwenda kuruka, na huisha inaposimama kabisa baada ya kutua. Dakika kumi za kutoka maegesho hadi mwanzo wa barabara ya kurukia ni saa halali. Mwanafunzi huzilipia, na huzihesabu katika kutafuta leseni. Lakini hasara ikitokea ndani ya dakika hizohizo, mizani inageuka. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachoeleza ni tukio gani liitwe ajali ya ndege, kinaacha nje uharibifu ulioishia kwenye pangaboi, ncha za mabawa, matairi au breki, maadamu hakuna aliyeumia vibaya. Na ndege ndogo ikimshinda rubani inapotembea ardhini, vinavyovunjika kwa kawaida ni hivyohivyo.

Ndiyo maana mkasa huu unajulikana zaidi na mafundi wa karakana kuliko wachambuzi wa takwimu. Bawa lililokwaruza ukuta wa banda, pangaboi lililopinda, gurudumu la mbele lililokunjika chini ya injini: mambo hayo humalizwa kati ya mwenye ndege, fundi na kampuni ya bima. Mara nyingi hakuna aliyekufa, hivyo hakuna gazeti linaloandika. Wanaohusika nao huona haya, kwa sababu kushindwa kuiongoza ndege iliyoko chini kunaonekana ni uzembe mtupu, tofauti na kushindwa angani kunakokubalika kuwa msiba.

Sidhani kuwa ni uzembe mtupu. Chanzo cha matukio mengi ya aina hii ni imani moja iliyoenea hata kwa marubani wenye uzoefu, kwamba ndege ikiwa chini ni gari lenye mabawa. Sivyo. Ni ndege wakati wote, na ardhini ni ndege iliyo katika hali yake mbaya kuliko zote: kasi yake ni ndogo mno kwa vidhibiti vyake kushika hewa sawasawa, lakini upepo ukivuma, mabawa yake bado yanatosha kuibeba.

Tuchukue mfano wa Piper J-3 Cub, ndege nyepesi ya Marekani ya miaka ya 1930 ambayo bado inaruka sehemu nyingi za dunia. Kasi ya chini kabisa inayoweza kuiweka hewani ni kama kilomita 61 kwa saa. Nguvu ya bawa kuinua hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayolipita, na bawa halichagui kama hewa hiyo imeletwa na injini au na kusi. Ndege hiyo ikitembea kwa kilomita 9 kwa saa kuelekea upepo wa kilomita 37, inapitiwa na hewa ya kilomita 46. Gawanya 46 kwa 61, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata kama 0.57. Na kwa kuwa Cub hukaa mkia chini pua juu, mabawa yake tayari yameinuliwa karibu na pembe ambayo hutoa nguvu kubwa kuliko zote. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake unaweza kuwa umebebwa na upepo, huku rubani akiamini kwamba imekaa chini. Matairi yanashika kwa uzito uliobaki. Breki nazo haziwezi kushika zaidi ya matairi.

Upepo wa mbele ndio wenye huruma. Upepo wa ubavuni huusukuma mkia, ambao ni mpana na uko mbali na magurudumu, na pua ya ndege hutaka kugeuka kuukabili upepo kama jogoo wa bati juu ya paa. Wa kuogopwa zaidi ni ule unaotoka nyuma kwa upande. Huu huingia chini ya bawa la goshini na chini ya mkia kwa pamoja, ukaviinua, na ndege ikaegemea kona moja: gurudumu la mbele na lile la upande wa pili. Hapo rubani akikanyaga breki ghafla au akikata kona kwa kasi, amemaliza kazi iliyoanzwa na upepo, na bawa la upande wa chini litachimba udongo.

Dawa yake inafundishwa katika wiki za mwanzo za mafunzo na kusahauliwa katika zinazofuata. Upepo ukitoka mbele kushoto, zungusha usukani kushoto na uushikilie hapo, ili kibao cha bawa la kushoto kipande na upepo ulikandamize bawa hilo. Ukitoka nyuma kushoto, zungusha kulia na usukume usukani mbele, ili upepo ulale juu ya vibao vya bawa na mkia badala ya kupenya chini yake. Ugumu haumo katika kukariri. Njia ya ardhini ina kona, na kila kona inabadilisha upande wa upepo ingawa upepo wenyewe haukubadilika. Wilson, Nairobi, ina barabara mbili za kurukia zilizoelekea pande tofauti, moja ya 07/25 na nyingine ya 14/32. Kutoka maegesho hadi mwanzo wa mojawapo, upepo uleule unaweza kumpiga rubani usoni, ubavuni na kisogoni ndani ya dakika chache, na kila mara mikono inapaswa kuhama. Ukitaka kujua nani ameshika somo hili, tazama vibao vya mabawa ya ndege inayotembea siku ya upepo. Vikiwa vimetulia katikati kama vilivyotoka kiwandani, anayeendesha yuko garini kichwani mwake.

Kuna upepo usioonywa na mtabiri yeyote. Katika tambarare kavu, adhuhuri ya kiangazi, chamchela huinuka palipokuwa shwari, hukatiza uwanja, na huweza kuipindua ndege nyepesi isiyofungwa kamba. Halafu kuna upepo wa kutengenezwa na binadamu. Zanzibar na Dar es Salaam, ndege za viti vichache hupishana kwenye viungio na ndege kubwa za abiria. Hewa inayotoka nyuma ya injini kubwa inapoongezwa nguvu kuanza mwendo ni dhoruba ya sekunde kadhaa, na anayepita nyuma yake akiwa na ndege ya tani moja hana la kufanya; alipaswa kungoja. Helikopta inayoning'inia nayo ina dhoruba yake ya kwenda chini na pembeni. Mamlaka ya anga ya Marekani huwashauri marubani wa ndege ndogo wakae umbali usiopungua mara tatu ya upana wa mapanga yake.

Upepo peke yake haumalizi habari, kwa maana ndege mbili zinaweza kupigwa na upepo mmoja, moja ikazunguka na nyingine isitikisike. Tofauti inaanzia pale magurudumu yalipofungwa. Ndege za zamani zilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na kidogo mkiani, na uzito wake ulikaa nyuma ya yale makubwa. Ukitaka kuelewa tabia yake, chukua toroli la supamaketi, lenye magurudumu ya nyuma yasiyogeuka na ya mbele yanayozunguka, ulisukume kinyumenyume kwa nguvu kisha uliachie. Kwa hatua chache litakwenda sawa, kisha litapinda kidogo, na kupinda huko kutalivuta lipinde zaidi mpaka ligeuke mbele nyuma. Ndege ya gurudumu la mkiani hufanya vivyo hivyo. Kosa dogo la mwelekeo halijirekebishi, linajilisha lenyewe. Inageuka ghafla, uzito unaegemea nje ya kona, mguu wa upande huo unakunjika na bawa linakwaruza.

Mkasa wa namna hiyo ulibadilisha mojawapo ya safari zilizosimuliwa sana katika historia ya anga. Tarehe 20 Machi 1937, Amelia Earhart alikuwa anaondoka Luke Field, Honolulu, kuendelea na safari ya kuizunguka dunia kuelekea magharibi. Ndege yake, Lockheed Electra ya injini mbili na gurudumu la mkiani, iliyumba ikiwa kwenye mbio za kuruka, ikazunguka na kuvunja miguu yake. Wengine walisema tairi lilipasuka, wengine walisema Earhart alicheza na nguvu za injini mbili bila kuzilinganisha. Hilo halikuwa tukio la mwendo wa polepole wa kwenda kupanga foleni, lakini sababu ya kimwili ni ileile. Ndege ilirudishwa California kutengenezwa. Ilipokuwa tayari, majira yalikuwa yamebadilika na safari ikageuzwa ielekee mashariki. Njia hiyo mpya ilimpitisha Afrika, kutoka Dakar hadi Massawa, na ikamfikisha Pasifiki ikiwa imebaki sehemu ngumu kuliko zote. Alipotea huko tarehe 2 Julai.

Marubani wa enzi hizo walikuwa na ulinzi ambao sisi hatuna. Gipsy Moth, ya aina ambayo Wilson Airways ilianza nayo kazi Nairobi mwaka 1929, haikuwa na breki. Mkiani ilikuwa na kigongo cha kuburuta badala ya gurudumu, na kule kuburuta ndiko kulikoipunguza mwendo na kuinyoosha. Viwanja vingi vilikuwa vipande vya majani visivyo na mstari, hivyo rubani alitua na kuruka akiukabili upepo, upande wowote ulikotokea. Siku ya upepo mkali watu wawili walishika ncha za mabawa wakatembea nayo. Lami ilipokuja ililazimisha mstari mmoja, na upepo wa ubavuni ukawa jambo la kila siku.

Jibu la viwanda lilikuwa kuhamishia gurudumu la tatu mbele. Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo karibu kila shule ya urubani Afrika Mashariki inaifahamu, ina uzito mbele ya magurudumu makuu. Ikipinda, uzito huivuta inyooke. Ni uhandisi safi, na umeokoa mabawa yasiyo na idadi. Ila matangazo ya kampuni katika miaka hiyo yaliwauzia watu wazo kwamba kuruka kumekuwa rahisi kama kuendesha gari, na wazo hilo limeishi kuliko matangazo yenyewe. Gurudumu la mbele liliondoa uasi wa ndege, likaacha uvivu wa miguu ya rubani.

Ni miguu hasa inayoongoza ndege ardhini. Mwanafunzi wa siku ya kwanza huona usukani mbele yake, akaushika kama wa daladala, ndege ikaelekea majani, naye akauzungusha zaidi. Usukani ule hauna uhusiano na gurudumu. Katika 172 pedali mbili za miguuni huvuta gurudumu la mbele kupitia springi, kiasi cha nyuzi 10 kila upande. Kona kali zaidi inahitaji breki ya upande mmoja, nayo hukanyagwa kwa ncha ya mguu juu ya pedali hiyohiyo. Mguu mmoja una kazi mbili. Mtu aliyezoea gari akishtuka hukanyaga kwa nguvu zote kwa mguu mmoja, kama alivyozoea, na ndege hujipinda kuelekea upande huo badala ya kusimama.

Baadhi ya ndege za kisasa, kama Cirrus na Diamond DA40, hazikuunganisha gurudumu la mbele na pedali kabisa. Linazunguka lenyewe, na rubani huongoza kwa breki mpaka kasi itoshe kwa usukani wa mkiani kushika hewa. Mpango huu hupunguza uzito na vipuri, na ndege inaweza kugeuka mahali padogo sana. Gharama yake ni joto. Anayeacha injini izunguke kwa kasi kisha akaizuia kwa breki njia nzima anapika breki zake, na breki iliyochemka huanza kutoshika, mara nyingine hushika moto. Kwa nini mtu aendeshe hivyo? Kwa sababu ana haraka, au kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba mwendo huwekwa kwa mkono unaoshika nguvu za injini, na breki ni ya kurekebisha tu. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka unatosha karibu kila mahali.

Hapa kuna mtego ambao hauna jibu moja. Ndege inapoanza kupinda na pedali haitoshi, kuongeza nguvu ya injini kwa kitambo hupeleka hewa ya pangaboi kwenye usukani wa mkiani, na usukani huo unarudi kuwa na nguvu. Rubani wa Super Cub, kama zile zinazotumiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya kufanya doria, hufanya hivyo bila kufikiri. Lakini nguvu hiyohiyo huongeza mwendo, na asiyeirudisha chini mara moja amelinunua tatizo kubwa zaidi. Kwa ndege ya gurudumu la mbele iliyopoteza breki, ushauri ni wa kinyume: zima injini kwa kuikatia mafuta, elekea kwenye nafasi au majani, na kubali lolote litakalotokea kwa mwendo mdogo. Wengi hujaribu kuiokoa ndege hadi sekunde ya mwisho huku injini ikiendelea kuivuta. Kidole kwenye kitufe cha mafuta ni uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu kuzima ni kukiri.

Vyanzo vya kimakanika vipo, ingawa ni vichache kuliko rubani anavyopenda kusimulia. Kilicho kibaya zaidi ni cha kiti. Katika ndege za Cessna, viti vya mbele hukaa juu ya reli zenye matundu. Pini au reli ikichakaa, kiti huteleza nyuma ghafla, miguu ikaacha pedali, na mkono ulioshika usukani ukavutwa pamoja nacho. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima la kukagua reli hizo, likafuatiwa na jingine mwaka 2011. Tendo la kusukuma kiti mbele na nyuma kabla ya kuwasha injini halichukui hata pumzi moja.

Viwanja vya porini vina orodha yao. Majani marefu huficha shimo la mhanga, moramu ina matuta yanayotikisa gurudumu la mbele mpaka mguu wake upate ufa, na udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua hushika tairi moja na kuliachia jingine. Marubani wa huko huvuta usukani nyuma wanapotembea, ili kupunguza uzito puani, na huenda polepole kuliko wenzao wa lami. Wana sababu. Kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege ndogo zilitaka nafasi ya sentimita 18 tu kati ya ncha ya pangaboi na ardhi kwa ndege za gurudumu la mbele, na 23 kwa za mkiani. Shimo moja linaweza kuzimeza zote.

Uwanja wa juu ya mwinuko huongeza lake wakati wa kutoka barabarani. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kipimo cha kasi kikionyesha namba ileile ya Mombasa, ndege inakwenda kwa kweli kasi zaidi kwa kama asilimia 8, na nishati ya kuizuia imezidi kwa kama moja ya sita. Anayekimbilia kiungio cha kwanza baada ya kutua, kwa kuwa kuna mwingine nyuma yake, anaingia kona akiwa na mwendo asioujua. Hapo pia ndipo akili hulegea. Ametua, abiria wamepumua, mkono umeanza kurudisha swichi moja moja. Orodha ya ukaguzi baada ya kutua ingeweza kungoja hadi ndege isimame, na shule makini hufundisha hivyo.

Na kuna kushindwa kwa aina yake, rubani akiwa hayumo ndani. Tarehe 30 Agosti 1955, katika uwanja wa Bankstown, Sydney, injini ya ndege ndogo aina ya Auster ilizimika baada ya kutua. Rubani alishuka kuiwasha kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono. Injini ilishika, ndege ikaanza kwenda, ikamwacha, ikaruka yenyewe. Ilizunguka angani kwa zaidi ya saa mbili juu ya eneo la jiji, ndege za jeshi zikaifuata, na mwishowe Sea Fury mbili za jeshi la wanamaji zikaitungua juu ya bahari. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, nami nimecheka. Kuwasha kwa mkono bado kunafanyika betri inapokufa mbali na fundi, na kinachotenganisha kicheko na mazishi ni kabari mbili chini ya matairi, kamba mkiani, na mtu anayejua kazi aliyekaa kwenye pedali.

Turudi kwenye hesabu. Pangaboi likigusa ardhi injini ikiwa inazunguka, pigo husafiri hadi kwenye mhimili wa ndani na gia zake. Watengenezaji wakubwa wa injini hizi, Lycoming na Continental, wanataka injini ifunguliwe na kukaguliwa hata kama inaonekana inaendelea vizuri. Kwa ndege ya miaka arobaini, gharama hiyo inaweza kukaribia thamani ya ndege yenyewe. Hasara ya kiasi hicho, kwenye vitabu vya takwimu, huenda isiwe ajali kabisa. Kiambatisho cha 19 cha ICAO kinazitaka nchi ziwe na mfumo wa kuripoti matukio kwa hiari, lakini hiari ya mtu mwenye haya, anayeogopa bima yake kupanda, ni haba. Sioni sababu ya kubadilisha maana ya ajali kwa ajili ya bawa lililokwaruzwa. Naona sababu kubwa ya klabu na shule kubandika ukutani kila pigo la ardhini, bila majina, pamoja na upepo wa saa hiyo na kona ilipotokea. Baada ya misimu michache zingejua kona zao mbaya.

Zingeweza pia kujaza pengo ambalo kitabu cha ndege kimeliacha. Kitabu cha Cessna 172 kina mchoro wa namna ya kushika usukani kwa upepo wa kila upande, na kinaonya juu ya upepo mkali wa nyuma kwa ubavu, kwamba nguvu ya ghafla na breki ya ghafla ziepukwe. Kinataja kasi ya upepo wa ubavuni iliyothibitishwa katika kuruka na kutua: kilomita 28 kwa saa. Kuhusu upepo wa kiasi gani ndege isitoke kabisa maegesho, hakisemi. Namba hiyo huachiwa mkufunzi wa zamu, na wakufunzi wawili wa shule moja wanaweza kuwa na namba mbili. Ikiandikwa kwenye ubao kando ya ratiba ya asubuhi, mwanafunzi wa safari za peke yake hatalazimika kuikisia kwa kutazama soksi ya upepo kutoka dirishani, injini ikiwa imeshawaka na saa zimeshaanza kuhesabiwa.